HOTUBA YA MWENYEKITI SIKU YA MIAKA KUMI: KURA, KUTEMBEA NA UGONJWA WA SUKARI



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii tukiwa wazima. Pili, kwa niaba ya kamati nawashukuru wote mliochangia sherehe hii, kwa fedha, kwa viti, kwa sufuria na kwa nguvu zenu jikoni tangu alfajiri. Habari za hisa, mikopo na marejesho atazisoma Mweka Hazina, na historia ya kikundi ataieleza Katibu. Mimi nimepewa nafasi ya kuzungumza jambo nitakalo. Nimeamua kuzungumza juu ya ugonjwa wa sukari, na juu ya namna wasomi wa vyuo vikuu walivyopata kujua kwamba unaweza kuzuiwa.

Msishangae mkasema, mwenyekiti kaishia darasa la saba, leo anafundisha mambo ya vyuo vikuu! Mambo haya alitueleza mwanachama mwenzetu aliyekuwa muuguzi kabla ya kustaafu, Alhamisi kadhaa mfululizo baada ya kikao. Nilimuuliza maswali mpaka akachoka, na nilipoelewa nikaona ni lugha yetu sisi watu wa upatu. Mtaona wenyewe.

Kwa nini nalileta jambo hili siku ya sherehe? Kwa sababu ya mfuko wetu wa jamii. Mfuko ule tuliuanzisha kwa ajili ya misiba, uzazi na ajali. Lakini ukifungua daftari la miaka hii ya karibuni utakuta neno moja linajirudia: sukari. Fulani kachukua fedha ya vipimo, fulani kachukua ya dawa, fulani kakatwa kidole cha mguu, fulani macho. Wenzetu hao tutawasaidia siku zote, hilo halina mjadala. Ila tukiendelea kutoa tu, bila kuziba mahali panapovuja, mfuko utakwisha na wagonjwa watabaki.

Na jambo hili si la mtaa wetu peke yake. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta wagonjwa wa sukari hawafiki hata mmoja kati ya watu wazima 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kama 9 kati ya 100. Ni kweli ule wa kwanza ulikuwa wa vijijini na wa pili wa nchi nzima, kwa hiyo si vipimo vya kulinganisha moja kwa moja. Lakini kila mmoja wetu anaona upepo unakoelekea.

MAKONDAKTA WA LONDON

Sasa nianze na hadithi ya kweli. Mjini London, Uingereza, kulikuwa na mabasi ya ghorofa. Dereva alikaa kwenye kiti kutwa nzima. Konda yeye alipanda na kushuka ngazi kutwa nzima akikusanya nauli. Daktari mmoja aitwaye Jerry Morris na wenzake wakachunguza magonjwa ya moyo kwa watu hao, na mwaka 1953 wakatangaza kwamba makonda waliugua moyo kidogo kuliko madereva. Watu wakasema, basi, ngazi ndizo zinazolinda moyo!

Lakini ngojeni kidogo. Mwaka 1956 watafiti haohao wakaangalia vipimo vya sare za kazi. Wakakuta suruali za madereva zina viuno vipana kuliko za makonda, hata kwa madereva vijana. Hapo likazuka swali. Je, dereva aliugua kwa sababu ya kukaa, au watu waliokwisha kuwa wanene ndio waliopendelea udereva tangu mwanzo? Kwa kuangalia tu huwezi kujua. Mtu alijichagulia kazi yake, na hujui nini kilimfanya achague.

Ndivyo ilivyo hata hapa kwetu. Ukimwona mama anatembea kila asubuhi na ana afya njema, huwezi kuapa kwamba afya imetokana na kutembea. Pengine anatembea kwa sababu tayari ana afya. Mwenye goti bovu yuko ndani, humwoni.

KURA YA UPATU NA KURA YA WASOMI

Wasomi walimalizaje utata huo? Walipiga kura, kama sisi.

Tunapoanza mzunguko wa upatu, kwa nini hatusemi mwenyekiti apokee wa kwanza, au mwenye sauti kubwa apokee wa kwanza? Tunakunja vikaratasi, tunavitia kwenye bakuli, kila mtu anaokota. Hapo hakuna upendeleo wala manung'uniko. Matajiri na maskini, wacheshi na wakali, wote wanachanganyika katika namba.

Majaribio ya afya yanafanywa vivyo hivyo. Wanachukuliwa watu wengi waliokubali wenyewe. Kura inapigwa. Kundi moja linapewa kitu kinachojaribiwa, kundi jingine halipewi, au linapewa kitu kingine. Kwa kuwa kura haina macho, kila kundi linapata wanene na wembamba, wavivu na wachapakazi, kwa kadiri inayokaribiana. Baada ya miaka kadhaa wanahesabu. Kikitokea tofauti kubwa, wanajua imeletwa na kile kitu, kwa sababu mengine yote yalikwisha kusawazishwa na kura. Ndiyo maana lazima watu wawe wengi. Ukipiga kura kwa watu wanne, unaweza kupata wagonjwa wote upande mmoja kwa bahati mbaya tu.

Sasa nitaje jaribio lenyewe. Lilifanywa Marekani, katika vituo 27, vingi vikiwa vya vyuo vikuu na hospitali zake, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002. Watu walikuwa 3,234. Umri wao wa wastani ulikuwa kama miaka 51, yaani rika langu, na theluthi mbili walikuwa wanawake. Wote walikuwa na uzito uliozidi, na sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijafikia kuitwa ugonjwa. Walikuwa ukingoni.

Kura ikawagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilipewa kidonge kisicho na dawa ndani yake. Fungu la pili lilipewa metformini, ambayo wengi wetu tunaifahamu kutoka hospitali. Hawa wa vidonge hawakuambiwa nani anameza dawa na nani anameza unga mtupu, ili mtu asijidanganye kwa mawazo. Fungu la tatu halikupewa kidonge. Waliambiwa wapunguze uzito kwa asilimia 7, wapunguze mafuta kwenye chakula, na watembee kwa haraka au wafanye zoezi jingine la namna hiyo dakika 150 kwa wiki. Kila mmoja alipewa mshauri wa kukutana naye mara 16 katika miezi ya mwanzo.

Matokeo yakawaje? Jaribio lilisimamishwa mwaka mmoja kabla ya muda wake, kwa kuwa jibu lilikwisha kuonekana wazi. Nawapa hesabu ya miaka 3, kwa kila watu 100:

Waliomeza kidonge kisicho na dawa: wagonjwa wapya 29.

Waliomeza metformini: wagonjwa wapya 22.

Waliotembea na kupunguza uzito: wagonjwa wapya 14.

Jamani, mmesikia? Miguu na sufuria vimeishinda dawa! Na walionufaika zaidi na kutembea ni wale waliofika miaka 60 na kuendelea. Kwa hiyo bibi asiniambie, mwanangu, mimi muda wangu umepita.

Lakini nisiwadanganye. Wale 14 nao walitembea, na bado waliugua. Kutembea siyo hirizi. Anayeugua tusimnyoshee kidole tukasema ni mvivu au mlafi. Wengine wamezaliwa katika ukoo wenye sukari. Tunachosema ni kwamba hatari inapungua, na inapungua kwa nusu hivi, jambo ambalo si dogo.

Na jambo la pili la ukweli. Watu wale waliendelea kufuatiliwa. Mwaka 2009, baada ya miaka 10, uzito wa wengi katika fungu la kutembea ulikuwa umerudi taratibu. Faida ilikuwa bado ipo, ila imepungua. Ni kama hisa, akina mama. Ukiacha kuweka, ulichoweka kipo, lakini hakikui.

KIKUNDI KINA NGUVU YAKE

Mtu ataniuliza, mwenyekiti, wale ni Wamarekani wenye washauri na mizani, sisi tuna nini?

Nitawajibu kwa jaribio la Uchina. Katika mji wa Da Qing, mwaka 1986, walikuwapo watu 577 waliokuwa ukingoni kama wale wenzao. Pale kura haikupigwa kwa mtu mmoja mmoja. Ilipigwa kwa zahanati, zahanati 33. Zahanati hii watu wake wafundishwe chakula, ile wafundishwe mazoezi, ile nyingine vyote viwili, na nyingine waendelee kama kawaida. Baada ya miaka 6, katika zahanati za kawaida waliugua kama 68 kati ya 100. Katika zile zilizofundishwa waliugua kati ya 41 na 46. Wakafuatiliwa mpaka miaka 30, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Kwa wastani waliofundishwa walichelewa kupata sukari kwa karibu miaka 4, na vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa vilikuwa vichache kwao.

Miaka 4, jamani. Pigeni hesabu ya miaka 4 ya dawa, vipimo na nauli ya hospitali, halafu mniambie kama hiyo siyo akiba.

Wale wa Da Qing walijifunza pamoja zahanati kwa zahanati. Wale wa Marekani waliandika kila wiki dakika walizotembea na chakula walichokula, wakapimwa uzito, wakaulizwa. Mimi nikajiuliza, kitu gani hapo ambacho sisi hatuna? Kukutana kila wiki tunakutana. Kuandika tunaandika, daftari la mahudhurio halijawahi kupotea. Kuulizana tunaulizana, tena ukikosa vikao viwili watu wanakuja mlangoni! Chombo tunacho miaka kumi sasa. Tulikuwa tunakitumia kwa fedha tu.

Kuna na jaribio la wazee, lililofanywa Marekani katika vituo 8 na kuchapishwa mwaka 2014. Wazee 1,635 wenye miaka 70 hadi 89, ambao miguu yao ilikwisha kuanza kulegea. Nusu kura iliwapeleka kwenye kutembea na mazoezi ya miguu, nusu kwenye mafunzo ya afya ya darasani. Kipimo kilikuwa rahisi: je, unaweza kutembea mita 400, kwa muda usiozidi dakika 15, bila kukaa na bila kushikwa mkono? Baada ya miaka miwili na nusu hivi, walioshindwa upande wa darasani walikuwa kama 35 au 36 kati ya 100, na upande wa waliotembea walikuwa 30. Tofauti siyo kubwa kama ya sukari. Lakini mwenye mama mzee nyumbani anajua thamani ya mama huyo kwenda chooni mwenyewe.

MASWALI MLIYONIULIZA

Wengine mmesema, sisi tunafanya kazi kutwa, hayo mazoezi ya nini? Anayelima na kubeba maji kutwa nzima huyo kazi yake inamtosha, wala sina neno naye. Lakini tuseme kweli. Wengi wetu sasa tunakaa gengeni au kwenye cherehani toka asubuhi mpaka jioni, na tukitoka tunapanda bodaboda. Kuchoka na kutembea ni vitu viwili tofauti.

Wengine mmesema, nikikonda watu watasema naumwa, au mume wangu hanitunzi. Nalielewa sana hilo, maana mitaani midomo haina breki. Lakini asilimia 7 siyo kukonda. Mama wa kilo 80 anapunguza kilo 5 na nusu hivi, basi. Gauni litalegea kidogo kiunoni, na fundi wetu tunaye humu humu kikundini.

Mwingine kauliza, nitembee kwa kasi gani? Muuguzi wetu anasema, tembea kwa kasi ambayo unaweza kuzungumza na mwenzio, lakini ukitaka kuimba pumzi inakatika. Kanga na viatu vya kawaida vinatosha, mradi visibane.

Na wale wenye sukari tayari, au presha, nawaomba mnisikie vizuri. Majaribio haya yalikuwa ya watu ambao hawajaugua. Mtu asije akasema mwenyekiti katuambia tuache dawa. La hasha! Dawa endeleeni nazo, na kabla ya kuanza kutembea sana kaulizeni kwanza zahanati.

TUSIWE WEPESI WA KUAMINI, WALA WEPESI WA KUOGOPA

Tunasikia kila siku kwenye mabasi na kwenye spika za magari, dawa ya sukari hii hapa, inaponya kwa siku saba. Akina mama, mkikutana na muuzaji wa namna hiyo, muulizeni maswali manne. Ulijaribu kwa watu wangapi? Uliwalinganisha na nani? Nani alichagua wa kupewa, ni kura au ni wewe? Uliwafuatilia muda gani? Akianza kutoa macho, shikeni pochi zenu.

Kwa upande mwingine, siku moja wanaweza kuja watu wa chuo wakaomba akina mama wa hapa waingie katika utafiti. Najua tayari kuna minong'ono ya kuchukuliwa damu, na wazee wetu walikuwa na maneno yao ya mumiani. Hofu hiyo tusiicheke. Huko Tuskegee, Marekani, tangu mwaka 1932 mpaka 1972, wanaume weusi 399 wenye kaswende walichunguzwa na idara ya afya ya serikali bila kuambiwa ukweli, na bila kutibiwa, hata penisilini ilipokwisha kupatikana. Mwaka 1997 Rais Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa lake.

Makosa ya namna hiyo ndiyo yaliyosababisha ziwekwe taratibu kali. Hapa Tanzania utafiti wa afya za watu unapaswa kupata kibali kwanza, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ndiyo yenye kamati ya kitaifa ya kuangalia mambo hayo. Kwa hiyo wakija, tusikimbie wala tusipige vigelegele kwanza. Tuwaulize:

(a) Kibali chenu kiko wapi?

(b) Mnatafuta kujua nini, na mtanifanyia nini hasa?

(c) Kuna madhara gani, na nikidhurika nani atanitibu?

(d) Siri yangu mtaitunza vipi?

(e) Nikitaka kutoka katikati, naruhusiwa bila kunyimwa matibabu yangu ya kawaida?

(f) Matokeo mtarudi kutusomea?

Karatasi ya kukubali isomwe kwa Kiswahili mpaka uielewe, ndipo utie sahihi au dole gumba. Kukataa ni haki yako, na kukubali ni haki yako pia. Wale watu 3,234 walikubali, wakavumilia kuchomwa sindano na kupimwa kwa miaka, wengine wakijua wanaweza kuwa wanameza unga mtupu. Leo mimi mwanamke wa mtaa huu nasimama hapa nikijua kutembea kunasaidia kwa sababu yao. Nao wanastahili shukrani zetu.

MAPENDEKEZO

Ndugu Mgeni Rasmi, sitaki hotuba hii iishe kwa maneno. Kamati inaleta mapendekezo manne, yatakayopigiwa kura katika kikao cha Alhamisi ijayo.

Kwanza, kila Alhamisi tutembee nusu saa pamoja kabla ya kikao, na siku nyingine nne kila mmoja atembee na jirani yake nusu saa. Nusu saa mara tano, hiyo ndiyo dakika 150.

Pili, daftari la mahudhurio liongezwe safu moja ya kuandika dakika za wiki. Pasiwe na faini kwa asiyetembea. Faini za hisa zinatosha, na mwenye ugonjwa asije akaona haya kuja kikaoni.

Tatu, tununue mzani mmoja kwa fedha za mfuko wa jamii. Uzito wa mtu ubaki siri yake na Katibu.

Nne, tumwombe mganga wa zahanati apange siku ya kutupima sukari sote, ili walio ukingoni wajulikane kabla hawajavuka.

Miaka kumi iliyopita tuliambiwa akina mama wa hapa hawawezi kuweka fedha pamoja bila kugombana. Tulianza na kijisanduku cha mbao na funguo tatu, na leo mnaona wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba. Dakika nazo ni haba na haba.

Baada ya kusema hayo, nawatakia sherehe njema. Pilau ipo, kachumbari na mboga za majani zipo, na soda chache kwa wapendao. Na jioni watakaorudi nyumbani kwa miguu, mimi nitaongozana nao.